Mkono wa Chumvi

Harufu ya tangawizi kavu ikitwangwa pamoja na pilipili inanikasirisha. Wengine wakiisikia hukumbuka jiko la mama yao, wakalainika. Mimi huondoka. Niliwahi kuteremka kwenye lori pale Mpika, mvua inanyesha, kwa sababu mwanamke aliyekaa karibu nami alifungua kifuko chake cha viungo. Nilihama chumba Lubumbashi, chumba kizuri chenye madirisha mawili, kwa sababu jirani wa chini alianza kuuza nyama ya moshi. Zaidi ya miaka ishirini nimezunguka hivyo: Kitwe, Kigoma, Mbeya, Lubumbashi, halafu Kitwe tena. Watu wakiniuliza, nawaambia naipenda njia. Naipenda kweli. Lakini mtu anayependa njia husimama mahali akapumzika, na mimi nilikuwa sisimami.

Mwaka huu nimerudi Kashikishi, kwetu kando ya ziwa, kwa sababu magoti ya mama yamekataa kazi. Anaishi na Mapalo, binti wa mdogo wangu, mwenye miaka kumi. Siku ya pili tangu nifike, nilikuwa uani nachambua mchele. Mama aliweka mbele yake beseni la nyama ya mbuzi, akapanga makopo yake ya viungo, kisha akainua sauti: "Mapalo! Kuya utie munyu!"

Munyu ni chumvi, na kuya ni njoo, kwa Kiswahili chetu cha ng'ambo ya ziwa. Mkono wangu ulisimama ndani ya mchele. Mama ni bibi sasa. Ni miaka mingi hakuna kinachomkataza kutia chumvi kwa mkono wake mwenyewe. Bado anaita mtoto.

Ninyi mliokulia ufukwe huu pamoja nami hamhitaji kuelezwa, lakini nitaeleza, kwa sababu nimechoka na mambo yasiyoelezwa. Kwetu, mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi katika chakula. Anaweza kuchota maji, kukata mboga, kuchochea moto, lakini chumvi hapana. Akitia, atakayekula atashikwa na kifua, atakohoa mpaka aishe. Kwa hiyo anaita mtoto wa kike ambaye bado. Na mwanamke aliyetoka kwa mwanaume asiye wake, akamtilia mumewe chumvi, huyo ndiye muuaji kabisa. Wengi wetu tuliitwa kutia chumvi. Tulikimbia tukiona ni mchezo.

Kwangu haikuwa mchezo. Ilikuwa kazi.

Mama alivuka kutoka Pweto wakati wa vita akiwa na papa, yaani baba yetu, sisi watoto wawili, sufuria mbili, na kifuko cha muskadi, ile kungumanga, alichofunga kiunoni. Kashikishi nzima ilikuwa inauza samaki. Mama hakuwa na nyavu wala mtumbwi, lakini alikuwa na macho. Aliona wavuvi wanaokwenda kwenye kambi za uvuvi kisiwani Chisenga, wakae huko wiki baada ya wiki wakila samaki asubuhi, samaki jioni. "Bale bantu banachoka samaki," alimwambia papa. "Banataka nyama yenye haitaoza mu bwato." Nyama isiyooza mtumbwini. Akaanza na mbuzi mmoja. Baada ya muda mfupi watu walikuwa wanamngoja.

Siri ilikuwa katika kile alichoipaka nyama kabla ya moshi. Chumvi laini ya paketi aliikataa. Alisema inakimbia, inaingia nyamani kabla ya wenzake. Alitaka ya mawe, tukaitwanga mpaka ikawa kama mchanga wa ufukweni, isiwe unga. Pilipili zilitoka bustani za Mofwe, zile ndogo zenye mkia uliopinda, na yenye tumbo jeusi aliitupa. Tangawizi aliivunja sikioni: ikipinda, bado, ikilia kama kijiti cha kuwashia moto, tayari. Vitunguu saumu alivikata vyembamba kama kucha akavikausha kivulini, maana jua huvitia uchungu. Maganda ya ndimu yalikaa juu ya bati siku tatu. Muskadi ilikuja mwisho kabisa, ikikwaruzwa kwenye kifuniko cha kopo alichokitoboa kwa msumari, mara saba, isizidi.

"Kintu moja kibichi," alisema, "inaita funza yote ya Zambia."

Kipimo kilikuwa kifuniko cha kopo la maziwa. Kiangazi, vitatu vya chumvi kwa kimoja cha pilipili. Mvua zikianza, vinne, kwa sababu nyama hukawia kukauka. Hatukutumia kijiko. Ulichanganya kwa vidole vikavu, ukiinua na kuachia, upepo uchukue vumbi. Kisha unaweka kidogo mgongoni mwa mkono, unalamba, unahesabu. Kwanza lazima ije harufu ya ndimu, halafu chumvi, na ukifika kumi pilipili abishe hodi kama mgeni aliyechelewa. Akibisha kwenye tano, umeharibu.

Mwanzoni niliitwa siku chache tu kila mwezi. Mama aliniambia, "Mukono yangu leo iko moto." Nikawa naugusa kisirisiri ule mkono, nione moto wake. Ulikuwa mkono tu, mkavu, unanuka vitunguu. Lakini wavuvi walipojua kuwa nyama wakati mwingine hutiwa chumvi na mtoto, walianza kuitaka hiyo. Wanaume wanaokaa mbali na wake zao huogopa sana vifua vyao.

"Hii ni mukono ya nani?" walikuwa wakiuliza, wameinua kipande.

"Ya mutoto," mama alijibu, akinionyesha kwa kidevu.

"Uniambie kweli, mama. Kifua yangu niko nayo moja tu."

Bana Chola, jirani wa meza ya pili, aliyeuza chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, alikuwa akiwacheka kwa sauti. "Awe! Unaogopa munyu, na ile pombe unakunywa? Bana Feli, mupe mifupa huyu!" Mama yangu aliitwa Bana Feli, mama wa Feli, kwa jina langu, kama wanavyoita huku.

Basi mama akaacha kabisa kutia chumvi. Ikawa kazi yangu kila wiki. Nilichagua pilipili, nilivunja tangawizi sikioni, nilichanganya, nilipaka nyama kwa kufuata nyuzi zake mpaka ikaacha kuteleza na kuanza kushika vidole. Mama aliniita Mukono. "Mukono yangu iko wapi? Mukono, kuya." Alikuwa mwanamke asiyekumbatia. Jina lile ndilo lilikuwa kumbatio langu.

Moshi ulikuwa wa papa. Asubuhi alitengeneza injini za mitumbwi, mchana aliingia katika kibanda cha moshi, akakaa chini ya kichanja cha nyama akilisha moto magunzi ya mahindi, polepole, usiwake. Papa alikohoa. Alikohoa tangu nimjue. Nikitoka shule nilikisikia kikohozi chake kabla sijaona paa letu, nikajua nimefika nyumbani. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu mimi walinisahaulisha.

Damu ilinijia mwaka wangu wa mwisho wa shule ya msingi. Mama hakuwa ameniambia neno. Kwetu mama hasemi hayo na binti yake; ni kazi ya nyanya, na nyanya yangu alibaki Pweto. Shangazi yangu, dada ya papa, alikaa mbali, Mwansabombwe. Vita vilinivusha bila mtu wa kunieleza mwili wangu, na hakuna aliyefikiri kuziba nafasi ile. Niliyajua ya kuokoteza tu, kwa wasichana wa shule. Nilijua kwamba msichana akipata ile, hatii chumvi tena.

Kwa hiyo sikusema. Nilirarua kipande cha kitenge cha zamani, nikawa nakwenda kukifua ziwani peke yangu, mbali na mitumbwi. Mama alipoita, "Mukono, kuya," niliuweka kwanza mkono wangu shavuni. Haukuwa na moto. Nikaenda, nikatia chumvi. Ningesema, angemwita binti wa Bana Chola, na jina langu lingehamia kwake. Ndiyo hesabu yote niliyofanya. Miezi mitatu nilifanya hivyo, na nyama ikaenda Chisenga, na hakuna mvuvi aliyerudi anakohoa.

Majira ya baridi papa alilala akawa haamki tena kwenda kibandani. Damu ilitoka kinywani. Alizikwa baada ya wiki mbili.

Kaka yake mkubwa alikuja na shangazi. Walikaa kwenye mikeka uani, na mama aliketi chini mbele yao, miguu imenyooshwa, nywele zimefumuliwa. Mimi nilikuwa nyuma yake, karibu sana, naona mifupa ya shingo yake.

"Mwanaume haifi kifua bure," alisema baba mkubwa. "Njo tunauliza tu. Nani alikuwa anamutilia munyu ndugu yetu? Na alikuwa anatoka wapi akimutilia?"

Kila mtu pale uani alielewa alichouliza. Alikuwa anasema mama yangu ni malaya, na kwamba amemuua mumewe kwa umalaya.

Mama hakulia. Alivuta pumzi, akasema kwa sauti ile ile ya sokoni, "Miye sijamutilia munyu. Siku mingi. Muulize soko yote. Munyu ilikuwa ya mutoto."

Akanionyesha kwa kidevu.

Shangazi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya kibanda cha moshi. Hakuwa mkali. Aliuliza mara moja tu, "Feli, umeshaona mwezi?" Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa nimemzika papa. Nikasema ndiyo. "Ngapi?" Nikainua vidole vitatu. Alivitazama muda mrefu, halafu akavikunja kimoja kimoja, kama mtu anayefunga madirisha, akarudi kwenye mikeka. Sikusikia alichosema. Nilisikia tu uani kumenyamaza, na baba mkubwa akisema, "Alo, basi."

Basi. Mama akabaki na nyumba, na watoto wake, na jina lake. Mimi nilinyolewa nywele, nikaoshwa kwa maji ya majani machungu. Wasichana wenzangu walipokua walipigiwa ngoma, wakachezewa na mama zao mpaka vumbi likapaa. Mimi sikupigiwa hata debe. Jumatatu iliyofuata mama alimwita binti wa Bana Chola kutia chumvi. Hakuniita tena Mukono, na sisi wawili hatukuzungumza jambo lile hata siku moja.

Nilimaliza sekondari, nikaondoka. Niliondoka nikijua kuwa nimemuua baba yangu. Someni tena sentensi hiyo, kwa sababu niliishi nayo kila siku. Nimeachana na wanaume wawili wazuri. Wa kwanza alipata mafua, mafua tu ya vumbi, nikafunga mizigo akiwa kazini. Wa pili aliniuliza kwa nini nyumba yetu inakula chakula kisicho na chumvi na kila mtu anajitilia mezani. Nilimwambia ni agizo la daktari.

Sasa rudini nami uani, kwenye beseni la mbuzi. Mapalo alikuwa ameshanawa mikono, anaikausha kwa kuipunga. Mama aliniambia, "Feli, niletee muskadi. Iko mu sanduku, ndani ya kopo ya zamani."

Kopo nililijua, lile la maziwa, kutu imelila midomo. Ndani mlikuwa na muskadi nne, na kuzizunguka, limekunjwa likafuata umbo la kopo, daftari la shule. Huku kila mgonjwa hununua daftari lake na kwenda nalo kliniki, mnajua. Juu ya jalada palikuwa na jina la papa. Nikakaa kitandani nikafungua.

Makohozi yamepimwa. Dawa za kifua kikuu, miezi sita. Ameacha dawa. Ameanza tena. Asikae kwenye moshi. Ameacha tena. Wino wa rangi mbalimbali, mikono ya wauguzi mbalimbali, ukurasa baada ya ukurasa. Nilitaka kujiambia kwamba yote haya yaliandikwa ule mwaka wa mwisho. Nikageuza jalada la nyuma. Kulikuwa na mchoro wa penseli, mtumbwi wenye mtu mwenye kichwa kikubwa, na chini yake jina langu, FELI, ile F inatazama upande usio wake.

Nilikuwa nimeandika pale nikiwa najifunza herufi. Papa alikuwa anakwenda kliniki na mchoro wangu mgongoni mwa daftari lake miaka mingi kabla mimi sijaona mwezi wowote.

Nilitoka na daftari na muskadi. Mama aliona daftari kwanza.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua nini?"

"Kifua ya papa."

"Wakati ile kila mutu alikuwa anakohoa."

"Mama. Ulijua tangu miye sijue kuandika F."

Aliendelea kupanga makopo, akilisogeza moja mahali pa lingine. Nyuma ya ua wa matete nilisikia Bana Chola, jirani yetu hata nyumbani, naye amezeeka, akiacha kutwanga ili asikie.

"Ningesema nini?" mama akauliza. "Niseme bwana yangu iko na TB, na njo yeye anakaa na nyama ku moshi? Nani atakula ile nyama? Mungekula nini, munyu?"

"Kwa baba mukubwa ungesema. Ungemuonyesha karatasi."

"Karatasi!" Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Bale bantu balikuja na jibu yabo mu mufuko. Balitaka nyumba. Bangekuchukua weye na mudogo yako, miye banitie mu bwato, nirudie ng'ambo ku vita. Muke banamufukuza, Feli. Mutoto habamufukuze. Mutoto banamunyoa tu. Nywele zinarudia."

"Zilirudia."

"Alo, unalia juu ya nini?"

Sikuwa nalia. Natamani ningekuwa nalia. "Kesho yake ungeniambia," nikasema. "Wakishaenda. Tuko weye na miye tu mu nyumba. Ungesema, Feli, haiko weye. Maneno tatu. Kesho yake, ao mwaka yenye ilifuata, ao ile siku napanda lori."

Mama alinitazama, na nadhani alisema kweli, na ndiyo maana sitaisahau.

"Nilifikiri umeshasahau."

Ningeweza kuandika hapa kwamba nilimsamehe. Mimi si mtu wa kanisa sana, na sitaki kuwadanganya. Nilimwelewa. Kila alichosema kilikuwa kweli: wangemfukuza, wangetutenganisha, na pengine mmoja wetu asingekuwa hai leo. Alikuwa na kitu kimoja cha kutupa ili mtumbwi usizame, akakitupa. Lakini hata mzigo uliotupwa ziwani, mtu hurudi siku moja kuutafuta. Kumwelewa hakukunipoza. Kulinizidishia, kwa sababu sasa sikuwa hata na mtu mbaya wa kumchukia.

Mapalo alikuwa bado amesimama, mikono mbele, mikavu kabisa.

"Enda ukacheze," nikamwambia.

"Nyanya aliniita."

"Na miye nakufukuza. Enda."

Nikakaa kwenye kigoda mbele ya beseni, nikavuta makopo. Halafu nikasema kwa sauti ya kuvuka ua wa matete, ili isikike mpaka kwenye meza za chisense: "Mama, leo miye niko ku mwezi."

"Mwe bantu!" alipiga kelele Bana Chola upande wa pili.

"Na munyu natia miye."

Vidole vyangu havikuwa vimesahau. Vifuniko vitatu vya chumvi, kimoja cha pilipili, tangawizi, saumu, ndimu. Nikakwaruza muskadi mara saba. Nikainua, nikaachia, upepo wa ziwa ukachukua vumbi lake, na ile harufu ikanijaa kichwani mpaka macho yakawasha, na mara hii sikuondoka. Nikalamba mgongo wa mkono. Nikahesabu. Pilipili akabisha kwenye kumi. Nikapaka nyama kipande kwa kipande, kwa hasira, nikifuata nyuzi, nikisugua kama mtu anayefua doa, mpaka ikashika vidole. Daftari la papa nililiweka kifuani, ndani ya blauzi.

Siku mbili nililisha moto magunzi, mlango wa kibanda wazi, nimeketi nje ya moshi kama wauguzi walivyomwandikia papa. Siku ya tatu nilichemsha kipande cha paja, nikasonga bukari, ugali wetu, nikaandaa uani mchana kweupe. Bana Chola alikuja, kwa sababu asingekosa.

"Kaa, mama, ule," nikamwambia.

"Awe, mukwai. Niko na meno mbaya," alikataa.

"Jana ulikuwa unakula muwa."

"Njo iliharibu," alisema, akasogeza kigoda chake karibu zaidi ili aone vizuri.

Niliweka sahani mbele ya mama. Aliitazama nyama. Alinitazama mikono, si uso, mikono. Nilimwona akimeza mate kabla hajagusa kitu, na nikajua kwamba anaogopa. Kwamba mwanamke huyu aliyelitumia jambo hili kama jembe alikuwa bado analiamini. Nilifikiri atakataa. Nilikuwa nimeshapanga mfuko wangu, uko nyuma ya mlango.

Alimega bukari, akashika nyama, akaitia kinywani. Alitafuna kwa upande wenye meno, polepole, macho yake kwangu. Akameza. Bana Chola alishika kifua chake mwenyewe.

Mama akatikisa kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya miaka ile akionja kazi yangu.

"Munyu inapunguka," alisema.

Akageuza uso kuelekea mlangoni, ambako Mapalo alikuwa anachora chini kwa kijiti, na nikaona kinywa chake kinafunguka kuita.

"Usiite mutoto, mama."

Kinywa kilibaki wazi. Nililisukuma kopo la chumvi juu ya mkeka mpaka likagusa goti lake. Alilitazama kama kitu kilicholetwa kutoka ng'ambo. Kisha mama yangu akakunja mkono wa gauni lake la kitenge, akaingiza vidole ndani ya kopo, na akatia chumvi, kwanza kwenye sahani yake, halafu kwenye yangu.